Umri wa Kiumbe na Umri wa Kitu

(Maneno haya yalisomwa mbele ya wanachama katika mkutano wetu wa jioni. Yamepigwa chapa hapa kwa ombi la wale ambao hawakuweza kuhudhuria.)



Tulipoarifiwa kwamba zamu ya kusema jioni hii ni yetu, Bwana Katibu alituuliza tutazungumza juu ya jambo gani. Tukamjibu: juu ya umri. Akacheka, akadhani twataka kuomba kustaafu. La, hatujafika huko bado. Walakini kazi yetu sisi makarani ni kazi ya umri tangu asubuhi hata jioni. Twaandika tarehe ya kuzaliwa, tarehe ya kuajiriwa, tarehe ya kupandishwa cheo, tarehe ya kustaafu, na mwisho wa yote tarehe ya kufa. Twaandika pia mwaka ulionunuliwa mtambo, na mwaka gari lilipofutwa katika hesabu. Basi yafaa tukae kitako mara moja, tujiulize: huu umri tuuandikao kila siku ni kitu gani hasa? Je, umri wa mtu na umri wa meza ni jambo moja?

Lugha yetu yenyewe huyatenga mambo haya. Mtu huzeeka, nguo huchakaa, chuma hushika kutu, chakula huchacha, nyumba hugeuka gofu. Mtu wa siku nyingi twamwita mzee, na neno hilo lina heshima ndani yake. Kamba ya siku nyingi twaiita kuukuu, ingawa wahenga walituonya kwamba ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Pamoja na hayo, kila siku twamsikia mtu akisema, "Saa yangu imekufa," au, "Gari limekufa njiani." Je, saa hufa kweli kama afavyo mbuzi? Hilo ndilo swali letu la jioni hii, na tutaanza na viumbe vyenye uhai.

Mvua za kwanza zinyeshapo, kumbikumbi hutoka ardhini kwa maelfu. Huruka muda mfupi, huangusha mbawa zao, na walio wengi huliwa na ndege, na kuku, na watoto wetu kabla ya jua kupanda. Lakini yule jike mmoja apataye mahali pa kuchimba, akawa malkia wa kichuguu, aweza kuishi zaidi ya miaka 10. Wote walitoka katika shimo moja, siku moja. Mmoja akaishi usiku mmoja, na mwenziwe akaishi kuliko mbwa wa nyumbani.

Tazameni tena nyuki. Nyuki wa kazi, katika majira ya maua mengi, huishi yapata wiki 6, kisha mbawa zake huchakaa na nguvu zake humwishia. Malkia wa mzinga ule ule huweza kuishi miaka 2, au 3, au hata 5. Mtu atadhani kwamba hao ni viumbe wa namna mbili. Sivyo. Yai la malkia na yai la nyuki wa kazi ni yai moja, halina tofauti. Tofauti yatokana na chakula anacholishwa mtoto na nyuki walezi. Basi twajifunza hapa jambo la kwanza: kila kiumbe kina mpaka wake aliowekewa na Muumba, lakini ndani ya mpaka huo matunzo yana neno kubwa. Siku za kiumbe zimo mwilini mwake, nazo zimo pia mikononi mwa wale wanaomlea.

Kuna viumbe ambao mpaka wao uko mbali sana. Wenzetu waliokwenda Unguja wamevuka labda hata kisiwa cha Changuu, mbele ya mji, wakawaona kobe wakubwa. Kobe hao ni wa kizazi kilicholetwa mwaka 1919 kutoka Shelisheli kuwa zawadi. Jamaa yao mwenye sifa kuliko wote ni kobe aitwaye Jonathan, wa kisiwa cha Saint Helena katika bahari ya Atlantiki. Alifikishwa huko mwaka 1882, naye siku ile alikuwa amekwisha kukomaa. Wenye elimu ya wanyama wakapiga hesabu kwamba kobe wa kimo kile hapungui miaka 50, kwa hiyo yapasa awe amezaliwa kama mwaka 1832. Ilipofika mwaka 2022, Gavana wa kisiwa alimwandikia rasmi siku ya kuzaliwa, akachagua tarehe 4 Desemba 1832.

Twaomba mlishike jambo hili, maana tutalirudia. Kobe hakutiwa hasara yo yote kwa tarehe ile. Hana mshahara wala kiinua mgongo. Hata kama tarehe yake imekosewa kwa miaka 10, ataendelea kula majani yake kama kawaida.

Miti nayo ina umri wake. Mbuyu hauhesabiki kwa urahisi kama miti mingine, kwa kuwa hupata uwazi ndani, na pete za mti wake hazitegemewi. Imebidi wataalamu wachukue vipande vidogo vya mti na kuvipima kwa njia ya kaboni. Kwa kipimo hicho mbuyu mmoja wa Zimbabwe, uitwao Panke, ulionekana kuwa na miaka kama 2,450. Nao ulianguka na kufa kati ya mwaka 2010 na 2011. Kwa hiyo hata kiumbe kilichoishi kabla ya dola ya Kilwa kuzaliwa, kikaishi hata dola hiyo ikawa magofu, nacho siku zake zilitimia. Kiumbe hakina hila mbele ya mpaka wake, ila hii moja: huacha mbegu.

Sasa tuvigeukie vitu.

Kitu kilichofanywa kwa mkono hakizaliwi, wala hakina mbegu, wala hakina ndani yake mpaka wa kukiambia kwamba siku zako zimetimia. Mawe mawili ya namna moja huweza kutolewa katika chimbo moja. Moja likakaa miaka 900 katika ukuta, na jingine likavunjwa kesho yake kuwa kokoto. Basi umri wa kitu huamuliwa na nini? Twataka kuwaonyesha nyumba mbili za kisiwa kimoja cha Unguja, ziwe mfano wetu.

Nyumba ya kwanza ni msikiti wa Kizimkazi, kusini mwa kisiwa. Katika kibla chake yamo maandishi ya Kikufi yenye mwaka 500 wa Hijra, ambao ni mwaka 1107. Mgeni aendaye huko hushangaa, kwa sababu haoni jumba kubwa wala mnara, bali huona nyumba ya kadiri yenye paa la mabati, na watu wakiingia kuswali. Kuta nyingi zionekanazo leo si zile za kwanza. Msikiti ulijengwa upya katika karne ya 18. Lakini kibla kilitunzwa, na mahali pakatunzwa. Msikiti ule umeishi kwa sababu kila ukuta ulipopata ufa, alikuwapo mtu aliyekuwa na haja ya kuswali kesho yake, naye akauziba.

Nyumba ya pili ni Beit el Ajaib, jumba lililojengwa na Sultani Barghash mwaka 1883, kwa mawe na chokaa na nguzo za chuma, kubwa kuliko nyumba zote za mji wa Unguja. Mwaka 1896 manowari za Waingereza zilipoupiga mzinga mji huo, majumba ya jirani yalibomoka, nalo likasimama. Likawa makao ya Serikali, kisha likawa nyumba ya makumbusho. Lakini maji ya mvua yalipenya na chuma kikashika kutu. Mwaka 2012 kipande kimoja kilianguka, na tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini kulitengeneza, sehemu kubwa ya jumba pamoja na mnara wake wa saa iliporomoka, na watu wawili wakapoteza maisha yao.

Mzinga haukuliangusha, ila maji yaliliangusha. Jumba la fahari lilitimiza miaka 137 tu, na msikiti wa kadiri umepita miaka 900. Wahenga walikwisha kusema: usipoziba ufa utajenga ukuta. Basi hili ndilo jambo la pili tujifunzalo: umri wa kitu hauko ndani ya kitu. Uko katika jicho la yule anayekitazama kila siku, na mkono wa yule anayekitengeneza.

Huenda mmoja wenu akasimama kutupinga, akasema, "Mbona taa ya umeme huungua hata nikiitunza namna gani?" Amesema kweli, na tutamjibu. Katika mji wa Livermore, California, nchini Marekani, kuna taa moja katika kituo cha zimamoto iliyowashwa mwaka 1901, na mwaka 2001 watu wa mji ule waliifanyia sherehe ya kutimiza miaka 100 ikiwa ingali yawaka. Mwanga wake ni hafifu sana, lakini yawaka. Ilhali mwaka 1924 wenye viwanda vikubwa vya taa walikutana Geneva, Uswisi, wakafanya shirika lao lililoitwa Phoebus. Wakapatana kwamba taa isizidi kuwaka saa 1,000, ingawa nyingi zilikuwa zikiweza kufika saa 1,500 mpaka 2,000. Kiwanda ambacho taa zake zilidumu kupita kiasi walichopatana kilitozwa faini. Basi taa ile haikufa kwa siku zake. Iliandikiwa siku zake na watu waliokaa mezani, wakiwa na kalamu na karatasi, kama tukaavyo sisi.

Kwa hiyo kitu hufikia mwisho wake kwa njia tatu. Hufa kwa kupuuzwa, kama jumba lile. Hufa kwa kuamriwa, kama taa zile. Na hufa kwa kutohitajiwa, kama taipu nyingi zilizorundikwa stoo, ambazo hazikupungukiwa hata herufi moja, ila zilikosa mtu wa kuzitaka. Katika njia zote tatu yupo mwanadamu. Tusemapo kwamba saa imekufa, mara nyingi twasema kwa adabu kwamba sisi wenyewe tumeiacha.

Tumekaribia kilele cha maneno yetu, maana kipo kitu kimoja ambacho ni chetu makarani kuliko watu wote, nacho ni karatasi.

Karatasi ni kitu dhaifu. Unyevu huiozesha, jua huifubaza, pini ya chuma huipaka kutu hata ikatoboka, na mchwa huila ikawa vumbi. Karatasi nyingi zilizofanywa kwa unga wa miti tangu karne ya 19 zina tindikali ndani yake, nazo hugeuka rangi ya manjano na kukatika kama majani makavu. Pamoja na udhaifu huo, karatasi huweza kumshinda kobe Jonathan. Huko Goa, Uhindini, zimehifadhiwa barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, zilizoandikwa na wakuu wa Kilwa kwa Wareno mwaka 1711. Walioziandika wamekufa. Wareno waliopelekewa wamekufa, na enzi yao pwani yetu imekwisha. Barua zingalipo, na mtu ajuaye kuzisoma aweza kusikia leo Kiswahili cha miaka 300 iliyopita. Zilidumu kwa nini? Kwa sababu karani mmoja, ambaye jina lake hatulijui, alizipokea, akaziweka mahali pake, na makarani waliomfuata hawakuzitupa.

Hiyo ndiyo sifa ya kazi yetu. Sasa hatuna budi kusema na aibu yake.

Alikuwapo mwenzetu mmoja, tarishi katika ofisi moja ambayo hatutaitaja. Alipoajiriwa, karani alimwuliza, "Ulizaliwa lini?" Akajibu, "Mwaka wa nzige." Enzi hizo watu wengi wa bara hawakuwa na cheti cha kuzaliwa. Walihesabu miaka kwa mambo makubwa yaliyopita: Vita vya Majimaji, vita ya Wadachi na Waingereza, njaa fulani, nzige fulani. Ilimpasa karani aulize, "Nzige gani? Mama yako alikuwa wapi? Ndugu anayekufuata alizaliwa lini?" Hakuuliza. Watu walikuwa wengi mlangoni, na saa ya chakula ilikuwa imekaribia. Akamtazama ndevu, akaandika 1925, akapiga muhuri.

Tarishi yule alikuwa na mdogo wake wa tumbo moja. Mdogo huyo alizaliwa mwaka 1351 wa Hijra, ndio 1932, kama alivyoandika mjomba wao katika jalada la ndani la msahafu wake. Na wazee wote wa kwao walijua kwamba kati ya ndugu hao wawili palikuwa na miaka miwili, kwa maana mama yao alimwachisha mkubwa ziwa ndipo akachukua mimba ya mdogo. Basi mwenzetu alikuwa mtu wa 1930. Mwaka 1980 akaletewa barua kwamba ametimiza miaka 55, na siku zake za kazi zimekwisha. Akaja kwetu na barua mkononi, akasema, "Wanangu, mimi nina miaka 50. Nina watoto watatu shuleni."

Tulijaribu kumsaidia. Tukaambiwa kwamba mwaka waweza kusahihishwa, ila iletwe fomu yake ya kwanza, ionekane aliyosema mwenyewe siku ile. Tukaitafuta masjala, tukaelekezwa stoo. Tukaufungua mlango, tukakuta njia za udongo zimepanda ukutani mpaka rafu ya juu. Tulipovuta faili, likaja jalada tupu, na ndani yake udongo. Kadi peke yake ndiyo iliyobaki, na kadi ilisema 1925.

Wanachama wenzetu, mchwa hawakula karatasi siku ile. Walikula miaka mitano ya mtu: mshahara wa miaka mitano, na sehemu ya pensheni yake, na karo ya watoto watatu. Wala tusiwatwike mchwa mzigo wote. Kalamu iliyoandika 1925 ilikuwa ya mwenzetu, na stoo ile ilikuwa chini ya ulinzi wetu, na wengi wetu tulipita mbele ya mlango wake kila siku tusiingie.

Sasa mwaona kwa nini tuliwaomba mkumbuke siku ya kuzaliwa ya kobe. Tarehe ya kukisia ikiandikwa juu ya kobe ni sherehe. Ikiandikwa juu ya mtu ni hukumu. Kwa mujibu wa mwili wake, tarishi yule alikuwa bado hajafika. Kwa mujibu wa karatasi, alikuwa amekwisha. Na karatasi ilishinda. Viumbe wengine wote duniani wana umri mmoja tu, ule wa mwilini. Mwanadamu aliyeandikwa ana umri wa pili, nao ni kitu, na hali yake ni hali ya vitu: hudumu kwa matunzo na hupotea kwa uvivu.

Basi twaleta mbele yenu mambo matatu, si kwa kuwafundisha, bali kwa kukumbushana.

La kwanza, tusiandike mwaka kwa kutazama ndevu. Mtu akisema "mwaka wa njaa", tumwulize njaa gani, tumwulize habari za ndugu zake, na kama mwaka haukupatikana kwa yakini, tuandike wazi kwamba umekadiriwa na tumeukadiria kwa nini, ili ajaye baada yetu apate pa kuanzia. Robo saa ya maswali yaweza kuokoa miaka mitano.

La pili, tuingie stoo. Rafu zisigusane na ukuta, wala faili zisikae sakafuni. Njia ya mchwa ionekanapo, isingojewe hata kesho. Pini za chuma zitolewe katika karatasi za kuwekwa siku nyingi. Tanzania ina sheria yake ya kumbukumbu na nyaraka tangu mwaka 2002, lakini sheria haina mkono wa kushika ufagio. Mkono ni wetu. Wala mtu asidhani kwamba mashine za siku hizi zimetuondolea wajibu huu. Kilichoandikwa katika kompyuta nacho ni kitu, na kisiponakiliwa na kutazamwa hupotea bila hata kuacha vumbi.

La tatu, kila mmoja wetu alitazame faili lake mwenyewe angalau mara moja, akiwa bado ana nguvu. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Nasi twaongeza kwamba hata miaka ya mtu ni mali.

Bwana Mwenye Kiti, tumemaliza. Limebaki neno moja. Tarishi yule alifariki mwaka 2001, nasi tulikwenda kumzika. Baada ya mazishi, mwanawe mkubwa alituonyesha cheti cha kifo. Kimeandikwa vizuri, kwa mwandiko safi, na karani aliyekiandika alifuata kadi kama ilivyompasa. Kinasema kwamba marehemu alikuwa na umri wa miaka 76. Mdogo wake alikuwa amesimama karibu yetu, mwenye miaka 69, akakisoma, akakikunja, akakirudisha. Akasema, "Kaka yangu alikuwa na miaka 71." Kisha akanyamaza, nasi tukanyamaza, kwa kuwa hatukuwa na jibu.